Mizunguko 32 haimalizi mabishano: namna ya kumtazama mcheza baleti

SWALI

Jambo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Jumapili moja jirani yetu alileta projekta, tukatazama ukutani baleti nzima ya Ziwa la Mabatamaji, ile ambayo wengi hapa wanaijua kwa jina la Kifaransa, Le Lac des cygnes. Umeme haukukatika, tukaimaliza. Kisha mabishano yakaanza. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anasema yule mchezaji mkuu ni hodari kwa sababu alizunguka juu ya mguu mmoja mpaka tukachoka kuhesabu. Mimi nilimwona baridi, usoni hakuna kitu. Mama mkubwa hakujali hayo yote. Kwake waliocheza ni wale wasichana wanne walioshikana mikono. Binamu yetu naye anasema yule mwanamume alikuwa mbeba mizigo tu, na tena kwamba ngoma hii si yetu, kwa hiyo tunapoteza muda. Nikaingia kwenye intaneti kusoma waliomwona mchezaji huyo huyo ukumbini wanasema nini, nikazidi kuchanganyikiwa: mmoja alilia machozi, mwingine anataka arudishiwe pesa ya tiketi. Nani anasema kweli? Na sisi ambao hatukusomea baleti, maoni yetu yana uzito gani?

JIBU

Mdogo wangu, barua yako imenichekesha, maana mabishano ya nyumba yenu ni yale yale yaliyowagombanisha watu wa Saint Petersburg zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena juu ya baleti hiyo hiyo. Kwa kifupi: maoni ya mtazamaji yana uzito kadiri anavyoweza kusema alichokiona. “Alikuwa mzuri” na “alikuwa baridi” ni hukumu, na mimi bado sijajua uliona nini. Ukiniambia kwamba alipomaliza kuzunguka alimtazama mwana wa mfalme kwanza kabla ya kututazama sisi, hapo umenipa kitu cha kushika, hata kama hujui jina la hatua hata moja. Kwa kirefu, inabidi tumsikilize kila mmoja wenu, kwa sababu hamkuwa mnabishania kitu kimoja.

Nianze na yaya na hesabu yake. Kama mliyoiona ilifuata mapokeo, mizunguko ile ni 32, na inaitwa fuete. Inakuja katika sehemu ya tatu, kwenye karamu ya ikulu, na anayeicheza ni Odile, msichana wa mavazi meusi aliyeletwa na mchawi ili amhadae mwana wa mfalme. Baleti hii ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Moscow mwaka 1877, fuete hizo hazikuwemo, na kwa jumla haikupokelewa vizuri. Ziliingia mwaka 1895 huko Saint Petersburg, pale Marius Petipa na Lev Ivanov walipoitunga dansi yote upya, Tchaikovsky aliyeandika muziki akiwa amekwisha kufariki mwaka 1893. Mchezaji mkuu wa toleo hilo alikuwa Mwitalia, Pierina Legnani. Fuete 32 alikuwa amekwisha kuwaonyesha Warusi katika baleti nyingine, wakabaki midomo wazi, basi Petipa akampa nafasi ya kuzirudia. Ndiyo kusema hesabu ile haikutoka kwenye hadithi, ilitoka kwenye miguu ya mwanamke mmoja, na wote waliokuja baada yake wameachiwa deni lake walilipe.

Sasa turudi kwenye video yenu, pale pale mzunguko unapoanza. Goti la mguu uliosimama linakunjika, kisigino kinagusa sakafu, kisha mwili unapanda tena juu ya ncha ya kiatu. Wakati huo huo mguu mwingine unafunguka mbele, unapelekwa ubavuni, halafu unavutwa ndani mpaka karibu na goti. Mvuto huo, pamoja na mikono inayofunguka na kufungwa, ndio unaompa nguvu ya mzunguko unaofuata. Kichwa kinabaki nyuma, macho yameshika mahali pamoja ukumbini, kisha kinageuka ghafla na kufika kabla ya mwili. Asipofanya hivyo kizunguzungu kitamwangusha. Na kila kisigino kinaposhuka ni nafasi mpya ya kukosea, mara 32, baada ya onyesho kuwa limekwisha kuendelea zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo mwambie yaya aache kuhesabu. Wengine huchomeka mizunguko miwili miwili au hata mitatu ndani ya mmoja, na anayehesabu anapotea njiani. Atazame mguu wa chini. Je, unabaki mahali pamoja, au unahama polepole kuelekea okestra? Wengi huhama kidogo, na si dhambi, lakini anayebaki pale pale ana kitu ambacho wenzake hawana. Kisha asikilize: mguu unafunguka juu ya pigo la muziki, au muziki ndio unaomsubiri? Kiongozi wa okestra mwenye huruma hupunguza mwendo, na mwenye sikio atalijua hilo mara moja. Halafu atazame mzunguko wa mwisho kabisa: mchezaji aliusimamisha mwenyewe, au alitupwa nao? Mimi hapo ndipo ninapotoa maksi zangu.

Maya Plisetskaya wa Bolshoi, kampuni ya baleti ya Moscow, mmoja wa Odile wakubwa wa karne ya 20, hakuwa akizicheza fuete hizo. Badala yake alilizunguka jukwaa kwa duara kubwa la mizunguko ya kasi inayotembea, na jina lake halikupungua hata chembe. Lakini si kila mtu anasamehewa. Mwaka 2015 Misty Copeland alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kupandishwa kwenye daraja la juu kabisa katika kampuni ya American Ballet Theatre. Mwaka 2018, akicheza Ziwa la Mabatamaji huko Singapore, alianza fuete, akaziacha njiani, akaumalizia muziki kwa mizunguko ya namna nyingine. Mtazamaji mmoja akairusha video, na ghafla watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa baleti wakawa na maoni. Mwenyewe alijibu hadharani, bila hasira na bila kujificha.

Wanafunzi huniuliza mimi nilikuwa upande gani. Aliyenunua tiketi akaona fuete zimekatika ana ruhusa kamili ya kusema zilikatika. Wale wanaomtetea kwa kusema ufundi hauna maana nao wananichosha, kwa sababu fuete zile zina kazi katika hadithi: ndizo zinazomlewesha mwana wa mfalme mpaka anamwapia mwanamke asiye wake. Uongo ukigugumia, kiapo nacho kinakosa sababu. Ila mchezaji anaweza kumlewesha kwa njia nyingine, na ndilo swali la kumuuliza aliyekuwa ukumbini: je, mwana wa mfalme alidanganyika, ukamwamini? Kumpima Odile kwa fuete peke yake ni sawa na kumpima mshambuliaji wa Mazembe kwa chenga zake. Kamalondo nzima itapiga kelele, lakini ubao wa magoli hauandiki chenga.

Sasa wewe na ubaridi wako. Kwanza, uso ule uliuona kwa sababu kamera ilikupeleka karibu. Aliyekaa ghorofa ya juu ukumbini hauoni uso kabisa. Anaona shingo, mgongo na mikono, na baleti ilijengwa kwa ajili yake pia, ndiyo maana mchezaji anafundishwa kusema kwa mabega kabla ya macho. Uso uliopimwa ufike mbali, kamera ikiukaribia, unaweza kuonekana umeganda, au kinyume chake ukaonekana umezidisha. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya ugomvi uliousoma kwenye intaneti. Aliyelia na aliyetaka pesa yake huenda walikuwa usiku mmoja, ila safu tofauti.

Pili, nani alikuwa baridi? Kwa kawaida mchezaji mmoja anacheza wanawake wawili: Odette mweupe, malkia wa mabatamaji aliyelogwa, na Odile mweusi anayejifanya Odette. Odette baridi kidogo simlaumu. Ametokea gizani kando ya ziwa, mwanamume mwenye upinde yuko mbele yake. Kwa nini amchekee? Odile baridi ni tatizo, kwa sababu yeye amekuja kutongoza. Hukuniambia ulimwona nani hivyo, na bila hilo siwezi kukukubalia wala kukukatalia. Jaribu hivi: rudi kwenye dansi ya wawili ya sehemu ya pili, ile ya polepole, ambapo fidla moja inaimba peke yake na baadaye selo, fidla kubwa ya sauti nzito, inaijibu. Hiyo ni kazi ya Ivanov, na kwangu mimi ndiyo moyo wa baleti yote. Ziba uso wa mchezaji kwa kiganja chako kwenye skrini, tazama mikono tu.

Bawa halianzi kwenye vidole. Linaanza katikati ya mgongo, chini ya mfupa wa bega, linapita begani, kiwiko kinapanda kwanza, kifundo kinafuata, vidole vinamalizia vikiwa vimechelewa kidogo. Mchezaji anayeanza na kifundo anapunga mkono tu, na ukishamwona anayeanza mgongoni hutamsahau. Tazama pia anapoegemea nyuma kwenye kifua cha mwanamume: je, uzito anauachia, au anajishikilia mwenyewe? Odette anayejishikilia mpaka mwisho hajamwamini mwanamume, na hapo hadithi haina pa kwenda. Kama hata uso ukiwa umezibwa bado unamwona baridi, basi andika hivyo, nami nitakuamini.

Kuna ubaridi mwingine ambao nimeusikia kwa watu wetu wengi wanapotazama baleti mara ya kwanza, nao hautoki kwa mchezaji. Sisi tumekulia kwenye dansi inayoshuka. Piga muziki wa kalindula kwenye arusi yoyote katika mitaa yetu ya Kenya au Ruashi, goti linakunjika, kiuno kinaijibu ngoma, mguu unaisalimia ardhi, na uzito wa mtu ndio utamu wenyewe. Baleti inauficha uzito. Inaruka na kutua bila kelele, inasimama juu ya ncha ya kiatu ambacho ndani yake hakuna chuma wala ubao, ni kitambaa na gundi tabaka juu ya tabaka, na wachezaji wakuu wengine humaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Jicho lililozoea kuuona uzito linautafuta, linaukosa, linasema “baridi”. Kwa hiyo tafuta kile baleti inachokipenda: mtu anapofika juu kabisa ya mruko, je, anaonekana kukaa hewani kidogo? Anapotua, unamsikia? Kwenye video maikrofoni huwa zinadanganya, lakini ukumbini kishindo cha kundi zima linalotua ni ushahidi usiofichika.

Baada ya hayo, msidhani jicho lenu ni la kuazima. Watu wa Lubumbashi ni watazamaji wakali. Mufwankolo na kundi lake waliigiza kwa Kiswahili chetu mbele ya watu waliojua dakika ile ile kichekesho kimechelewa. Jecoke, kundi la mtaa wa Kenya, walicheza mbele ya watu waliokuwa wakimwona aliyeitangulia ngoma kabla ya kiongozi wa kundi kumwona. Jicho hilo linatosha kuanzia. Linachohitaji ni kuelekezwa pa kutazama.

Mama mkubwa, kwa mfano, hakuhitaji kuelekezwa na mtu. Dansi ya wale wanne nayo ni ya Ivanov. Mikono imepishana mbele na kushikana, kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kuitumia kujiweka sawa. Yote inabaki kwa miguu, inayogonga na kuruka kwa kasi, na kwa vichwa vinavyogeuka pamoja. Mmoja akichelewa nukta moja anawavuta watatu. Hapo hakuna pa kujificha, wala hakuna wa kusifiwa peke yake, na nadhani ndiyo maana waandishi wa maoni huwapita kwa mstari mmoja: “wale wanne walikuwa wazuri”. Basi. Wakati mwingine hata hilo hawaandiki.

Na nyuma yao kuna kundi zima ambalo hamkulitaja hata mmoja wenu. Wakati Odette anacheza ile dansi ya polepole, wasichana waliopanga mistari pembeni wamesimama juu ya mguu mmoja, mwingine umewekwa nyuma, shingo imeinama, dakika kadhaa bila kujikuna. Misuli ya mashavu ya miguu inakaza mpaka wengine hutoka jukwaani wakichechemea. Kamera haiwaonyeshi kwa sababu kamera inampenda mchezaji mkuu. Mkitaka kuona kazi ya kundi ikiwa wazi kabisa, tafuteni La Bayadère, kazi nyingine ya Petipa, pia ya mwaka 1877, katika ile sehemu ya vivuli. Wanawake wanashuka mteremko mmoja mmoja, 24 katika kampuni nyingi, 32 katika baadhi, kila mmoja akirudia umbo lile lile, mguu mmoja umenyooshwa nyuma na mwili umeinama mbele. Wa kwanza kushuka analirudia mara nyingi kuliko wote kabla wa mwisho hajatokea. Hakuna mzunguko, hakuna mruko. Ukumbi mzima unakaa kimya, na akitikisika mmoja tu, kila mtu amemwona.

Binamu sasa. Kuhusu mbeba mizigo nitakuwa mfupi, kwa sababu nusu ya lawama ni haki: katika sehemu ya pili mwana wa mfalme anapewa kazi ndogo, anatembea, anashika, anainua. Lakini mtazame mwanamke ukitaka kumjua mwanamume. Akizunguka mikononi mwake bila kiuno kuyumba, akibaki juu ya ncha ya kiatu kana kwamba hakuna anayemshika, basi huyo jamaa anajua ulipo mhimili wa mwenzake kuliko mwenyewe anavyoujua. Ukiona vidole vyake vinahangaika kiunoni, kitu kimekwenda mrama na anakirekebisha mbele ya macho yako. Mshikaji mzuri haonekani, na ndiyo sababu watazamaji wanamsahau.

Na hao watu wa intaneti? Wasome, lakini kwanza ujue wanatoka wapi. Kupendelea mchezaji mmoja na kumponda mwenzake ni desturi ya zamani. Paris, miaka ya 1830, Théophile Gautier, mshairi na mhakiki, alimwita Marie Taglioni mchezaji wa Kikristo na Fanny Elssler mchezaji wa kipagani. Maneno hayo yanakuambia mengi kuhusu Gautier, na kidogo kuhusu miguu ya hao wanawake. Katika Opera ya Paris, walikocheza wanawake hao, palikuwa na bwana mmoja, Auguste Levasseur, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga makofi. Alihudhuria mazoezi, akapatana na mkurugenzi wapi watu wapige na wapi wanyamaze, akawakalisha vijana wake ukumbini kwa tiketi za bure. Kwa hiyo unaposoma sifa zinazofanana neno kwa neno kutoka kwa watu watano, mkumbuke Levasseur.

Wako pia waaminifu waliopofushwa na mapenzi. Mchezaji wa kwanza aliyekufanya uipende baleti anakuwa kipimo chako, na kila anayefuata ana kosa moja: si yeye. Utawatambua kwa jinsi wanavyoandika juu ya mtu ambaye hakuwa jukwaani usiku huo. Halafu kuna wale wanaoandika jambo moja dogo, kwamba katika sehemu ya nne alipunguza mikono, kwamba alisikiliza fidla badala ya kuikimbiza. Hao wasome mara mbili, hata kama hukubaliani nao.

Makofi yenyewe nayo yasome kwa tahadhari. Huko Vienna mwaka 1964 Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev waliitwa mbele ya pazia mara 89 baada ya Ziwa la Mabatamaji, idadi inayotajwa mpaka leo kama rekodi. Fonteyn alikuwa na miaka 45, umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu. Nureyev alikuwa na 26, Mrusi aliyewatoroka walinzi wake Paris miaka mitatu kabla. Waliosimama usiku ule walikuwa wakipigia makofi dansi, na habari za magazeti, na ile hali ya watu wawili wasiofanana kwa lolote wanaopumua pamoja. Hakuna anayeweza kuyatenganisha hayo leo, na mimi sijaribu.

Limebaki lile la binamu kwamba ngoma hii si yetu. Hilo huwa linasemwa na watu wa pande mbili ambao hawafahamiani. Kuna watazamaji wa Ulaya na Marekani waliodai kwa miaka mingi kwamba mabatamaji lazima yafanane, na kufanana kwao kulimaanisha ngozi moja. Arthur Mitchell, mcheza baleti Mmarekani mweusi, aliwajibu kwa vitendo: mwaka 1969 alianzisha Dance Theatre of Harlem huko New York, na wachezaji wake wakawa wanavaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao, ili mstari wa mguu usikatwe na kiatu cha waridi. Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, akabaki yatima wakati wa vita, akalelewa Marekani, akacheza katika kampuni ya baleti ya taifa ya Uholanzi. Alifariki mwaka 2024. Angemsikia binamu, sijui angeanzia wapi.

Na kuna Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi wa Kisangani. Mwaka 1923 ilionyeshwa Paris baleti moja kuhusu kuumbwa kwa ulimwengu kama Wazungu walivyodhani Waafrika wanavyousimulia, muziki wa Darius Milhaud, mavazi na mandhari ya Fernand Léger, na jukwaani hapakuwa na Mwafrika. Mwaka 2012 Linyekula aliichukua kazi hiyo akiwa na wachezaji wa Ballet de Lorraine wa Nancy, akaihoji mbele ya watazamaji: mlikuwa mnamwona nani mlipokuwa mnatutazama? Huo ndio uhakiki mkali kuliko wote ninaoujua katika jambo hili, na ulifanywa na Mkongomani, kwa miili ya wachezaji wa kampuni ya Kifaransa. Binamu ana haki ya kuichoka baleti. Kusema haituhusu, hapana.

Mkiwa na Jumapili nyingine na projekta ya jirani, wekeni Giselle. Ilizaliwa Paris, tarehe 28 Juni 1841, kwa muziki wa Adolphe Adam, na huyo Gautier wa Taglioni na Elssler ni mmoja wa walioandika hadithi yake. Msichana wa kijijini anagundua kuwa mpenzi wake Albrecht ni mtu wa ukoo wa kitajiri na ana mchumba mwingine. Akili inamruka, anakufa. Katika sehemu ya pili anatoka kaburini na kuingia katika kundi la mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya arusi, wanaowachezesha wanaume mpaka wafe. Mchezaji ni yule yule, ila sehemu ya kwanza ana uzito wa mtu aliye hai na sehemu ya pili hana uzito kabisa. Hapo bishaneni: je, mliuona uzito ukitoka? Ulitoka wapi, miguuni au mgongoni? Na mwanamume msimpite. Malkia wa mizimu anapomwamuru Albrecht acheze, hana mtu wa kuinua, anaruka peke yake mpaka anaanguka, na mchezaji mzuri atakufanya usijue kama aliyechoka ni Albrecht au ni yeye mwenyewe.

Kanuni moja ya nyumba: kabla mtu hajasema “vizuri” au “vibaya”, ataje kitu kimoja alichokiona na dakika yenyewe, ili wengine warudishe video wakitazame. Aanze mama mkubwa. Giselle ina sehemu mbili tu, ni fupi kuliko ile ya mabatamaji, hata mkianza saa moja jioni mtaimaliza kabla watoto hawajasinzia.